Kutoka Ruksa, Kurudi Mwiko

Kikohozi kilitangulia. Kikafuata kiti kilicholia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha pumzi ndefu, kisha sauti ya mwanamume ikaanza kujikokota.

"Eeh... mtegemezi, nadhani... eeh, mtegemezi anaweza kutoka... yaani kutoka na kurudi, nadhani, ila... ngoja kidogo, usikate simu..."

"Huyu naye anatafuna maneno kama chingamu," Fundi Sauti akanung'unika. Akaikaza hedifoni masikioni, akairudisha sauti mwanzo.

Alikuwa katika chumba chake cha kazi, chumba alichokiziba kwa magodoro ya zamani ukutani kote, ili honi za barabarani na kilio cha mtoto wake mwenyewe visimfikie. Humo ndimo alimopatia riziki. Watangazaji, wahubiri na wasimulizi wa nchi nyingine walimrushia sauti zao zikiwa chafu, zimejaa vikohozi, mate na "eeh", naye akawarudishia zikiwa zimetakata. "Akipita kwangu," alipenda kujisifu, "hata mlevi anatoka kadhi." Na kweli. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ulikata kabla akili haijauliza.

Kazi hiyo ndiyo iliyowaleta katika nchi hii, yeye, mkewe, na binti yao mdogo waliyemwita Kidoti. Nchi ilikuwa imefungua viza ya muda mrefu kwa watu wanaofanya kazi za mbali: kaa kwetu, panga nyumba kwetu, nunua unga kwetu, mradi mwajiri wako awe nje na usiguse kazi ya mwenyeji. Mwenye viza alikuwa yeye. Mke na mtoto waliandikwa wategemezi.

"Mtegemezi maana yake nini hasa?" mkewe alimuuliza siku walipofika.

"Maana yake mimi ni msumari, nyinyi ni mikoba. Msumari uking'oka, mikoba chini."

Akacheka peke yake. Mama Kidoti hakucheka. Kwao alikuwa na duka lake la ushonaji, na wasichana waliomwamkia kila asubuhi kabla ya kugusa mkasi. Hapa, jirani wa ghorofa ya chini alipomletea pazia amkunjie pindo tu, Fundi Sauti alilinyakua akalirudisha mwenyewe, mbio mbio, kama amekuta bangi.

"Unataka tufukuzwe? Mtegemezi hafanyi kazi!"

"Ni pindo tu, baba Kidoti. Hata hela sikumuomba."

"Pindo ni kazi. Sheria isome, usiishonee viraka."

Tangu siku hiyo cherehani ikawa pahali pa kurundika nguo chafu. Ndivyo alivyoijua sheria, mwanamume yule. Ikimbana mke, aliikariri kama sala. Ikimbana yeye, aliiona porojo za makarani wavivu.

Ndipo shemeji yake, kaka wa mama Kidoti, alipopiga simu kutoka nyumbani. Hakuzunguka. "Dada, njoo. Leo mama bado anatuita kwa majina. Kesho sijui."

Mama Kidoti akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha magodoro. Kidoti hangeweza kusafiri. Tetekuwanga ilikuwa imemchora mwili mzima, na ndege hazibebi mtoto wa namna hiyo. Angebaki na baba yake.

"Kabla sijaondoka, twende uhamiaji," alisema. "Nisije nikatoka nikashindwa kurudi kwa mtoto."

"Uhamiaji foleni yake inaanza alfajiri. Mimi nina mteja."

"Ni siku moja tu, mume wangu."

"Siku moja kwako wewe uliye bure. Lete simu yako hapa, yangu anaweza kupiga mteja. Nitawauliza, nitarekodi, utasikia mwenyewe kwa masikio yako. Kuna zaidi ya hapo?"

Hakukuwa na zaidi ya hapo. Ndiyo maana sasa alikuwa amejifungia na sauti ya yule afisa wa uhamiaji aliyempigia, anaisafisha kama alivyozisafisha zote. Kikohozi, nje. Kiti, nje. Kila "eeh" na kila "nadhani", nje, kwa maana ni vumbi la ulimi, na mteja halipii vumbi. Akafika kwenye "ila".

"Ila huyo mwenye viza, eeh, nadhani inabidi aje dirishani mwenyewe... kabla mtegemezi hajaondoka... agongewe muhuri wa kurejea, nadhani... au warudi pamoja... eeh, hebu niulize mwenzangu..."

Akasikiliza mara moja. Kidole kikasita juu ya kitufe. Moyoni alijua kwamba ndani ya makapi yale mna punje. Lakini punje ile ilikuwa na foleni, ilikuwa na benchi la mbao na karani wa kumwambia "subiri hapo", yeye, mtu mzima, mwenye jina lake. "Angekuwa na hakika, angesema kwa hakika," akajiambia. Akakata.

Kilichobaki kilikuwa sentensi moja, tamu kama tangazo la redio: *Mtegemezi anaweza kutoka na kurudi.* Akaibakiza hiyo tu katika simu ya mkewe, akampelekea jikoni.

Mama Kidoti akaisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika mwiko. Akarudia. "Hakusita hata kidogo?"

"Sauti si yangu, ni yake."

"Watu wa ofisi hawasemi hivi, baba Kidoti. Huyu anasema kama anasoma."

"Mama Kidoti!" Akamkazia macho. "Mimi ninalishwa na masikio haya, na wewe unalishwa na masikio haya haya. Leo unataka kunifundisha kusikiliza?"

Mama Kidoti akaiweka simu mezani. Mwenye kulishwa hana mdomo, ndivyo nyumba ile ilivyokuwa imemfundisha. Akampaka Kidoti dawa vipele vyote, hata vile vya nyuma ya masikio, akambusu penye ngozi safi, akaondoka.

Alimkuta mama yake anapumua, hajui tena majina. Wakamzika. Kila jioni alipiga simu, na Kidoti akamhesabia vipele vilivyokauka, akiruka namba kadiri alivyopenda. Siku ya kurudi alimuuliza mumewe kama atakuja kumpokea.

"Kwani umesahau njia? Chukua teksi. Nina mahubiri ya watu humu, yanatakiwa leo."

Simu ilipolia tena asubuhi ile, Fundi Sauti alikuwa katikati ya mahubiri hayo. Namba hakuijua.

"Ndiye mwenye viza ya kazi za mbali?" Sauti ya mwanamke, kavu, imenyooka, sauti isiyohitaji kusafishwa. "Nazungumza kutoka uhamiaji, uwanja wa ndege. Mkeo yupo mbele yangu, na anakusikia."

"Kuna nini?"

"Kuna kwamba hawezi kuingia. Mtegemezi akitoka bila muhuri wa kurejea, ukaazi wake unafia pale pale getini. Kuna njia mbili tu za kumrudisha: muhuri ule, au aingie pamoja na wewe mwenye viza, bega kwa bega. Yeye hana muhuri. Na wewe sikuoni hapa."

"Lakini ofisi yenu wenyewe ilisema..."

"Ndiyo, ametusikilizisha." Nyuma yake mtu akaguna, mwingine akacheka. "Sasa ngoja nikueleze kitu, bwana. Huyo kwenye sauti ni mwenzetu, tumezeeka naye. Huyo haagizi chai bila 'nadhani' tatu. Siku ya harusi yake aliulizwa kama anamkubali bibi harusi, akajibu, 'eeh, nadhani.' Mkewe hajamsamehe hadi leo. Na hapa kwenu anaongea kama amiri jeshi! Hatukuhitaji fundi wa kutuambia. Pale pale tumejua imekatwa."

Miaka yote ile Fundi Sauti aliyojisifu, hakuna aliyewahi kuikamata kazi yake. Imekamatwa na watu waliozoea tu kunywa chai na mwenzao.

"Tumempigia," afisa akaendelea. "Habari ya muhuri humwambia kila anayeuliza. Aliyepiga siku hiyo, anasema, nadhani ni mwanamume, nadhani ni mwanamke. Huyo ndiye yeye. Lakini namba ni ya mkeo na simu ni ya mkeo. Sasa nisikilize vizuri. Kutojua sheria si dhambi. Ningemrudisha alikotoka, akaomba upya, akaingia. Lakini kuikata sauti ya afisa na kuja kuitumia mpakani ni udanganyifu. Aliyefanya hivyo anapigwa marufuku nchi hii. Kama ni mkeo, ni yeye. Kama ni wewe, viza yako inafutwa leo, wewe na mtoto mnafungasha, na yeye anabaki bila doa. Nakuuliza mara moja: nani aliyeikata?"

Katika chumba kile cha magodoro hapakuwa na honi wala upepo wa kumsaidia. Akisema "mimi", wangerudi kwao wote watatu, mke na duka lake, mtoto na mama yake. Angepoteza viza. Angepoteza wateja, kwani nani ampe sauti yake mtu aliyefukuzwa nchi kwa kughushi sauti? Angeshuka kwenye ndege mbele ya shemeji yake, mabegi mkononi, watu wakiulizana kwa macho. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Sijui," akasema. "Hiyo ni simu yake."

"Hapa kwenye viza umeandikwa mhariri wa sauti."

"Ndiyo. Sauti za wateja wa nje. Sheria yenu hainiruhusu kugusa kazi ya mwenyeji, nami naiheshimu."

"Na mkeo anajua kukata sauti?"

"Mtu akibanwa hujifunza."

Kisha akamsikia mkewe kwa mara ya kwanza, karibu kabisa, kana kwamba ameegemea magodoro yale.

"Baba Kidoti. Mimi hata mlio wa simu unaniwekea wewe."

"Usinichanganye mbele za watu."

"Nimemzika mama yangu juzi. Nakuomba. Sikuombi viza, sikuombi nyumba. Sema neno moja tu, turudi kwetu na mtoto wetu."

"Mama Kidoti, ulichokifanya unakijua mwenyewe. Kwa nini unataka kuniponza na mimi? Mtoto atakula nini?"

"Mama, ni yeye?" afisa akauliza, taratibu sasa.

"Ni yeye."

"Nami nakuamini." Karatasi zikasogezwa mezani. "Lakini moyo wangu haupigi muhuri. Simu ni yako, namba ni yako, sauti imetoka mkononi mwako, na yeye amekana, kwa hiyo marufuku inakuangukia wewe. Ndege iliyokuleta ndiyo itakayokurudisha. Pole sana. Na wewe bwana, endelea na kazi yako ya mbali. Uko mbali kweli."

Afisa alikuwa anataka kukata simu, mama Kidoti akawahi. "Dada, nakuomba dakika moja. Mtoto."

"Mpe mtoto simu, bwana. Hiyo ni amri."

Akafungua mlango. Kidoti alikuwa sebuleni, amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, ameketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa nje. Vipele vilikuwa vimekwisha, vimebaki vialama vyeusi. Fundi Sauti akamshikia simu sikioni. Alitaka kuondoka asisikie, lakini mtoto alimshika kidole, naye masikio yake, yale ya kusifiwa, yalipokea kila pumzi.

"Mama, uko kwenye ngazi?"

"Hapana, mwanangu. Mama siji leo."

"Kesho?"

"Wala kesho."

Kidoti akamtazama baba yake usoni, kama anayetafuta kosa liko wapi. "Baba, mama anasema haji."

"Najua," akajibu. "Mama amekosea huko alikokwenda. Amewaudhi watu wa uwanja wa ndege."

Alilisema kwa upole, kwa sauti ileile ya kumbembelezea mtoto alale. Upande wa pili mama Kidoti alilisikia lote. Hakupiga kelele.

"Kidoti, nisikilize mimi, si mwingine. Mama hajamkosea mtu. Baba yako ndiye aliyenifungia mlango, na hapo alipo anasikia. Kula vizuri. Lala mapema. Kila siku akuambiapo kwamba mama hakukutaka, wewe nyamaza tu, usibishane naye, yeye ni mkubwa. Lakini nakuahidi, mwanangu, nakuahidi mbele yake na mbele ya hawa waliovaa sare: hata wakinifungia nchi nzima, hata ukinipita kimo, hata ukiwa umeisahau sura yangu, nitakuja kukuchukua, na yeye nitamwacha humo chumbani peke yake."