Kidude Alichonichagulia Mzee

Leseni niliipata nikiwa na miaka hamsini na tatu, baada ya kufanya mtihani mara tatu, na anayenuna na anune. Mimi ni fundi cherehani. Siku zote nguo nilizoshona zilifikishwa kwa wateja na mume wangu, dereva mstaafu wa idara ya maji, miaka thelathini na moja kazini. Kisha daktari wa macho akamwambia, "Mzee, wewe sasa unaona vivuli, huoni barabara. Weka ufunguo chini." Akauweka. Aliuweka juu ya kabati, nyuma ya redio, na kwa miezi minne hakuna aliyeruhusiwa hata kupangusa vumbi pale.

Mpaka nilipouchukua mimi, nikajifunza nao hadi leseni. Kisha nikapata kazi ya hospitali mpya: sare sitini nyeupe za wauguzi, zifike Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi. Mkuu wa wauguzi, mama asiyecheka ovyo, aliniambia waziwazi kwamba nikichelewa hata dakika moja, kazi ya mwaka mzima anampa fundi mwingine. Na hospitali yenyewe iko upande wa pili wa mji, huko ambako barabara zimejengwa upya hadi wenyeji wanapotea. Simu yangu ni kitochi, haina ramani. Nikasema basi, ninunue GPS, kile kidude cha kubandika kwenye kioo cha gari kinachokuelekeza kwa sauti.

Weee! Nililisema hilo mbele ya watu wawili tu, mume wangu na mdogo wake, ukazuka mkutano kama wa kuchagua rais.

Huyo shemeji yangu tunamwita Profesa, kwa sababu hajawahi kukosa ushauri juu ya jambo asilolijua. Hajaendesha hata toroli. "Shemeji, chukua ya inchi kumi, yenye televisheni ndani," akasema. "Ukikwama kwenye foleni unatazama tamthilia."

"Na barabara niitazame saa ngapi?"

"Ipo pia inayokuambia urefu wa milima."

Mji wetu hauna hata kichuguu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na mimi nilikuwa na wawili, mmoja haoni na mwingine hajui.

"Vidude hivyo ni upuuzi," Mzee akaingilia. "Miaka thelathini na moja nimefika kila kona ya mji huu bila kuelekezwa na sauti ya mwanamke."

"Na kurudi nyumbani ulikuwa unarudishwa na sauti ya nani?"

Profesa akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mzee hakucheka. Alitazama juu ya kabati, kwenye redio. Sikutilia maanani, nilikuwa na vifungo vya kushona.

Kesho yake akabadilika ghafla. Akasema ataenda dukani mwenyewe kunichagulia, maana wauzaji ni matapeli na mimi ni mgeni wa mambo ya magari. Akavaa koti lake la kazi, lile la bluu lenye nembo ya tone la maji kifuani, akakataa hata kusindikizwa na Profesa. Alirudi na boksi lililopauka kama limeanikwa juani mwaka mzima. "Hii ndiyo ya madereva wenyewe," akasema, bila kunitazama usoni. Profesa alisikitika kwamba haina televisheni. Mimi nilishukuru kwa moyo wote, jamani. Hata mayai nilimkaangia.

Jumatatu saa moja na nusu nikatoka na mizigo yangu, nikaipanga kiti cha nyuma. Kugeuka, namkuta Mzee kando ya mlango wa gari, koti la bluu, viatu vinang'aa.

"Nimeona nikusindikize. Kidude kikikosea, mimi nipo."

"Kitakoseaje? Si umekichagua wewe?"

Akaanza kufuta kioo cha pembeni kwa mkono wa koti. Sikuwa na subira naye. Wakati wote wa mazoezi alikaa pembeni yangu akikanyaga breki ambayo haipo na kuita marehemu wote wa ukoo wao. "Leo naenda peke yangu," nikamwambia, nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama palepale.

Nilikiandikia kidude jina la mtaa wa hospitali, kikaanza vizuri. Sauti ya mama mpole: kata kulia, nenda mbele. Kisha nikaambiwa nikate kushoto, na kushoto ni ukuta wa shule. Nikaambiwa nivuke daraja. Daraja halipo, kuna kituo cha mafuta. Nikazunguka weee, mwenye pikipiki akanitukana, nami nikamrudishia chenji yake. Hatimaye mama mpole akatangaza, "Umefika." Nikatazama. Makaburi! Mchimba kaburi mmoja akaegemea koleo lake, akaniangalia, akaangalia mafurushi ya nguo nyeupe kiti cha nyuma, akavua kofia na kunipa pole.

Saa mbili na dakika kumi na nane. Jasho likanitoka. Namba ya duka ilikuwa kwenye boksi, nikapiga.

"Ah, ile!" muuzaji akasema. "Mama, ile haijui barabara yoyote iliyojengwa miaka kumi na miwili hii. Nilimwambia yule mzee. Yeye akauliza kama ninayo ya zamani zaidi. Nikadhani ni ya kuchezea wajukuu."

Nilikasirika kwelikweli. Mwanamume niliyemzalia, niliyemkaangia mayai, anipeleke makaburini kwa makusudi! Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia hapa, kwa mchimba kaburi. Nikampigia simu nimpe vipande vyake.

Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Uko wapi?" Sauti ilikuwa ya chini. Nikajua alikuwa na simu mkononi tangu nilipoondoka.

Matusi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini sare zilikuwa sitini, na dakika hazikufika arobaini. "Makaburini," nikasema. "Mbele yangu kuna tangi la maji la kijani, limeinama."

"Tangi namba saba." Hapo sauti ikapata nguvu. "Sikiliza. Bomba kubwa linatoka hapo mpaka hospitalini, na barabara mpya imepita juu yake. Mafundi niliwapeleka mimi, mwaka wangu wa mwisho kazini. Wewe fuata mifuniko ya chuma katikati ya lami. Ukiona mitatu pamoja, simama kando, nipigie."

Ndivyo tulivyokwenda. Naendesha, nasimama, napiga. Akisema kushoto, kweli kushoto kuna njia. Hakukosea hata mara moja. Saa mbili na dakika hamsini na sita nikaingia lango la hospitali. Mkuu wa wauguzi akatazama saa yake, akanitazama mimi. "Umewahi," akasema, kama aliyedhulumiwa. Kazi ya mwaka ikawa yangu.

Nyumbani nilimkuta getini, koti bado mwilini, Profesa pembeni yake.

"Umeona?" Mzee akaanza. "Nilisema mimi, vidude hivi..."

"Nimeongea na muuzaji."

Profesa akakumbuka kwamba ana shughuli kwake. Mzee akainamia viatu vyake. Vilikuwa vimejaa vumbi. Asubuhi nzima hakuondoka pale getini. Nilimgombeza, nisiseme uongo, na majirani walisikia. Kisha hasira ikaniishia, nikabaki namhurumia, na huruma hiyo ikaniudhi kuliko hasira yenyewe.

"Siku nyingine ukitaka kupanda gari," nikamwambia, "sema unataka kupanda. Usininunulie ramani ya makaburini."

Akawa anasugua lile tone la maji kifuani kwa kidole. Miaka yote ile alikuwa yeye wa kuamua nani apande na nani abaki. Sidhani kama aliwahi kumwomba mtu kiti.

"Nataka kupanda," akasema.

"Jumatatu ijayo, saa moja na nusu. Na ukikanyaga breki, nakushusha."