Huyu Siye Labu

Idi iliisha, na watu wa Kota Bharu waliokwenda makwao wakarudi kuchukua paka wao. Msimu huo hoteli za paka hujaa pomoni. Bi Salbiah naye akamchukua wake, akamfikisha nyumbani, akafungua kikapu, akamaka: "Toba! Huyu siye Labu!"

Rangi ya chungwa anayo. Mkia umepinda nchani, sawa. Lakini nusu ya paka wa mji ule ni wa chungwa wenye mikia iliyopinda, sasa hiyo nayo ni alama? Labu hulala miguuni pake. Huyu kapanda juu ya friji. Labu humaliza wali na samaki akalamba sahani. Huyu aliinusa tu, akawaachia sisimizi.

Akarudi hotelini mbiombio. Norhaini, mwenye hoteli, hakuficha kitu: kabla ya kuwarudisha paka huwaogesha wote, na mikanda yao ya shingoni hutundikwa ukutani mpaka wakauke.

"Ila sijawahi kuichanganya, mama. Paka akitoka ugenini hununa. Mvumilie."

"Kununa ndiko kunakobadilisha sura? Wee binti, usinifanye mtoto!"

Nyumbani, mwanawe Firdaus naye akashika upande wa Norhaini. Alikuwa amekuja kumpeleka mama yake kijijini kwa Idi, na tangu mama yake aunguze sufuria hakuwa na wimbo mwingine.

"Mama, Labu ndiye huyu. Mimi namjua."

"Unamjulia wapi, wewe wa kuja Idi hadi Idi?"

"Unasahau, mama. Ndiyo maana nataka uhamie kwangu Kuala Lumpur."

Hapo alimchoma hasa. Kuiacha nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe! Bi Salbiah akajifunga kibwebwe.

"Labu ana chipu ya kumtambulisha chini ya ngozi. Marehemu ndiye aliyempeleka kutiwa. Twende kwa daktari wa wanyama. Akiwa wangu, nafungasha nguo, nakufuata. Asipokuwa wangu, hiyo Kuala Lumpur yako nisiisikie tena mpaka naingia kaburini."

"Haya, mama. Tumekubaliana."

Garini paka akamlalia mapajani, akamsugua kiganja kwa kichwa. Bi Salbiah akashtuka. Labu? Akimtazama upande huu ni Labu, upande ule ni mgeni. Mungu wangu, mtu anawezaje kutojua paka wake? Akaogopa, akageukia dirishani ili Firdaus asimwone.

Daktari Lim alipitisha kimashine mabegani mwa paka, kikalia. Akatafuta kwenye kompyuta.

"Amesajiliwa. Jina la mwenyewe halikuandikwa, ila simu ipo."

"Alhamdulillahi!" Bi Salbiah aliruka. "Mnaona? Angekuwa wangu, jina langu lingeandikwa. Mwenyewe yupo, maskini, anamlilia paka wake. Mpigie, daktari, mpigie sasa hivi!" Akamfinya mwanawe mkono. "Nani anayesahau? Hebu nambie, nani?"

Firdaus akacheka kwa aibu. "Nisamehe, mama. Nimekukosea."

Daktari akabonyeza nambari, akaweka simu sikioni.

Mkobani mwa Bi Salbiah simu ikaanza kulia. Akapekua, huku akiomba radhi, akaitoa.

"Haloo? Nani mwenzangu? Niko kwa daktari, nipigie baadaye."

Daktari Lim akaishusha simu yake. Sauti ile ilikuwa imemfikia mara mbili, moja kutoka mbele yake na moja kutoka kwenye simu. Firdaus akageukia ukuta.

"Mama," daktari akasema polepole, "ni mimi niliyekupigia."

Bi Salbiah akaitazama simu. Akamtazama daktari. Akamtazama paka, muda mrefu, akimchunguza masikio, pua, makucha, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Firdaus akamshika mkono, naye hakumsukuma.

"Ahadi ni deni," alisema hatimaye. "Nitakwenda. Lakini huyu paka wa watu tumrudishe kwao kwanza."