E ya Embe

Kwa mara ya nne ndani ya wiki moja, Mwalimu Rhobi alisimama kwenye dirisha la ofisi ya kompyuta pale chuoni Musoma, na safari hii hata salamu aliitoa kwa shida. Subira yavuta heri, wanasema. Waliosema hawakuwa na sapu.

Yeye alikuwa nayo, kesho saa tatu asubuhi. Akishindwa mtihani huo wa marudio anadisko, anafunga virago na kurudi kwao Nyamuswa bila diploma, baada ya mwaka mzima wa chumba cha kupanga mtaani Kamunyonge. Kitabu cha kusomea mtihani kilikuwa kwenye maktaba ya mtandao, na hakifunguki ila kwa waifai ya chuo. Kwenye simu alishajaribu. Jicho lake la kushoto lilifanyiwa upasuaji, na mwanga wa simu ulimtoa machozi kabla ukurasa haujaisha. Ndiyo maana mdogo wake Matrida, anayeishi Butiama, alimpa kile kidude cha kusomea vitabu, kisichoumiza macho, ambacho herufi zake unazikuza mpaka zinakuwa kama za ubaoni.

Basi kidude kipo, waifai ipo, shida nini? Shida ni kwamba waifai ya chuo inataka jina la mwanafunzi na nywila, na kidude kinauliza nywila tu. Jina hakina pa kuliweka, geuza huku, geuza kule, hakuna. Dawa yake, alivyoambiwa Jumatatu, ni kusajili namba ya kifaa chenyewe, mlolongo wa tarakimu na herufi uliojificha kwenye mipangilio, kisha kitaingia bila kuulizwa jina. Akaisoma kwa sauti, akasajiliwa. Kikakataa. Jumanne kikakataa. Jumatano akaambiwa akizime akiwashe, kana kwamba hakuwa amekizima na kukiwasha mpaka kidole kikaota sugu. Alhamisi alikaa chumbani akakiangalia tu.

"Madam, nilishakwambia," alisema Onesmo, fundi wa ofisi hiyo, macho kwenye kompyuta. "Kwangu kimesajiliwa. Hicho kifaa ndio kibovu. Hivi vya zawadi vinasumbuaga."

Rhobi alishikwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi, aibu. Wiki nzima alijiambia kwamba tatizo ni yeye, ni umri, ni ushamba, kwamba miaka ishirini na miwili ya kufundisha darasa la kwanza imemfanya naye abaki darasa la kwanza. Mkobani alikuwa na barua aliyoiandika jana, ya kuomba kuacha masomo. Afadhali kuondoka mwenyewe kuliko kufukuzwa.

"Nisajili upya," alisema.

"Itakuwa ileile."

"Mwanangu, nisajili upya. Mimi hapa sitoki."

Onesmo akashusha pumzi. "Haya, soma."

Rhobi alikisogeza kidude karibu na jicho lake zima, akasoma polepole kama yuko mbele ya darasa. "Saba, nne. Tisa, mbili. Sifuri, sita. E, nane. Moja, tatu. Tano, tisa."

"Tayari. Jaribu."

Kikakataa.

Hapo ualimu ukampanda kichwani. Mtoto akikosea imla humuulizi alisikia nini, unachukua daftari lake unaangalia. Alichomoa mkobani karatasi ya kwanza iliyomjia, akaipitisha kwenye nondo za dirisha, upande mweupe juu. "Niandikie hapo ulichoandika humo."

Onesmo aliandika huku akinung'unika, akairudisha. Rhobi alilinganisha tarakimu kwa tarakimu, akatoa peni yake nyekundu, akazungushia duara mahali pamoja, akaisukuma tena dirishani.

"Hii nini?"

"Si ndiyo ile uliyosoma, madam? Ei."

"Hiyo ni a. A ya asali. Mimi nimesema e. E ya embe."

Onesmo aliitazama karatasi, akaitazama kompyuta. "Kumbe ulikuwa unasoma kwa Kiswahili," alisema taratibu. "Sisi hapa herufi tunazisomaga kwa Kingereza. E tunaiita i. Ungesema i, ungeshaingia tangu Jumatatu."

"Na hizo tarakimu zote nilizosoma kwa Kiswahili ulizielewaje?"

Onesmo aligeukia kompyuta. Alifuta, akaandika upya. Kidude kilifikiri kidogo, alama ya waifai ikajaa, na kitabu kikaanza kushuka. Rhobi alitaka kufurahi akashindwa. Siku tano zilikuwa zimeliwa na herufi moja, tena ile anayowafundishaga watoto wiki ya kwanza, na sasa zimebaki kurasa mia mbili na arobaini, kwa jioni moja. Kama si ualimu, angetukana.

Onesmo, kwa aibu, akataka naye afanye la msaada. Aliiokota ile karatasi dirishani, akaigeuza. "Madam, kumbe huku ni barua ya kwenda kwa mkuu wa chuo. Nikupelekee? Napita hukohuko."

Rhobi akapenyeza mkono kwenye nondo.

"Ilete," alisema. "Ina kosa."

Kisha akaketi palepale kwenye ngazi za ofisi, akakuza herufi, akaanza ukurasa wa kwanza.