Mbuzi wa Arwa

Tuliposikia mabalozi wanapanda mlimani kwetu kuiona njaa kwa macho yao, na kwamba wakiridhika wataleta ngano na maziwa ya watoto, mume wangu Muqbil alianza kunoa kisu.

Tulikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyombakiza hai mjukuu wetu Arwa tangu mama yake, Salma, afariki.

"Baba Salma, wanakuja kutazama njaa! Si uwaonyeshe hiyo njaa?"

"Mgeni hajawahi kutoka kwangu na tumbo tupu, hata ndege za vita zikiwa juu. Na wewe mke wangu unajua: mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji gani atapona? Huyu mtoto asiye na meno?"

Akamshika mbuzi. Akachinja.

Majirani nao, wendawazimu wale wale, wakaleta samli na asali iliyofichwa tangu Idi. Watoto wakavishwa nguo za sikukuu. Arwa, mbavu nje nje, akafungiwa chumba cha ndani, eti aibu ya nyumba haionyeshwi mgeni.

Wageni wakala, wakasifu. Muqbil akawamegea mapaja kwa mkono wake, akiapa kwamba tuna heri nyingi, alhamdulillah. Mmoja wao, mama balozi, akatazama sinia, akatazama watoto wetu, akamwambia mkalimani jambo.

"Anasemaje?" nikauliza nikiwa mlangoni.

Mkalimani, kijana kutoka mji mkuu, Sanaa, akainamisha macho. "Anasema hapa afadhali, mama. Chakula kitapelekwa kwanza bonde la pili. Kule waliwapokea kwa maji matupu."

"Mwambie huyo alikuwa mbuzi wa mwisho!"

"Nimemwambia. Anasema kila mahali huambiwa hivyo."

Nikakimbia chumbani, nikamtoa Arwa, nikayafuata magari. Walinzi walikuwa wakiharakisha, giza lisiwakute njiani. Nikamwinua mtoto dirishani kwa yule mama, nikilia, nikipiga kioo. Naye akadhani namuaga. Akaweka mkono kifuani kama sisi tunavyofanya, akashusha kioo kidogo, akampa Arwa peremende.

Niliporudi, Muqbil alikuwa ameketi kando ya sinia.

"Wameshiba?" akaniuliza.

"Wameshiba."

Arwa akaanza kulilia maziwa.