Doa Kwenye Okidi ya Wifi

"Umeiunguza," mama mkwe akaniambia, hata salamu hakunipa. "Umeisogeza dirishani, na jua limeiunguza."

Nilikuwa na chai mdomoni. Nikaimeza ikiwa moto vilevile, maana ningefungua mdomo ningesema yasiyosemeka. Tangu ahamie kwetu, kila kinachoharibika nyumba hii nimekiharibu mimi. Bomba likivuja ni mimi, mlango ukigoma kufunga ni mimi. Lakini safari hii hakuwa akigomba kwa mazoea.

Okidi, ile mimea ya maua, zilikuwa tatu, mali ya wifi yangu, binti wa pekee wa mama. Wifi aliugua, akafariki, na katika vitu vingi vya chumba chake mama alichagua vyungu hivyo tu, akaja navyo kwetu kavipakata mapajani. Cha kwanza kilishaoza hadi shinani. Nilikitupa siku ambayo yeye alijifungia chumbani asione. Cha pili kilibaki na jani moja, nalo bovu. Cha tatu, chenye maua meupe, ndicho alichokuwa akinionyesha sasa. Katikati ya jani nene la kijani palikuwa na doa la kahawia, bichi, limezungukwa na umanjano.

"Hii nayo ikifa," akasema, "sina tena kitu chake kilicho hai."

Nikaweka kikombe chini. "Mama, jua haliachi doa la majimaji. Likiunguza jani, panapauka, panakauka, na doa linabaki palepale. Gusa uone."

Hakugusa. Nikagusa mimi. Kidole kilizama kidogo, na harufu ikanipanda puani, ile ya viazi vilivyosahaulika chini ya sinki.

"Mjuaji," akasema.

"Haya, mimi mjuaji." Nikachukua kalamu, nikachora mstari kulizunguka doa, ukingoni kabisa. "Likibaki ndani ya mstari, ni jua, na nitakuomba radhi mbele ya mwanao. Likivuka, ni ugonjwa, na tutautafuta ulikotoka."

Nilitaka livuke. Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka kushindwa.

Jioni nilikuta limevuka. Jani la pili nalo lilikuwa na doa jipya, karibu na moyo wa mmea, pale majani yote yanapochipukia. Ugonjwa ukishafika hapo, hakuna mmea tena.

"Mwache mama wa watu," mume wangu akaninong'oneza. "Ni ua tu."

"Ni ua tu kwako. Kwake ni dada yako."

Akajifanya anatafuta chaja ya simu.

Nikapiga magoti mbele ya vyungu, nikaanza kuangalia upya. Hapakuwa na wadudu, si juu ya majani wala chini yake. Madoa yote yalikuwa upande wa juu, yamefuata mshipa wa kati, mengine marefu kana kwamba yamevutwa. Na yalikuja kwa mpangilio. Chungu cha kushoto kilitangulia, kikafuata cha kati, sasa cha kulia. Kuna kitu kilikuwa kikiyapitia majani haya kwa zamu. Anayeyapangusa ni mtu mmoja tu, kila asubuhi, kuanzia kushoto, na huwa hataki mtu amsogelee.

Nikabisha chumbani kwake. "Mama, naomba nione kitambaa unachopangusia majani."

Alinitazama, akatazama pembeni. Kisha akatoa chini ya mto mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kitambaa cha zambarau alichokuwa akijifunga wifi kichwani, kumbe nacho alikichukua, kimelowa.

"Nikishapangusa nakirudisha humu," akasema. "Harufu yake isitoke."

Hasira niliyoamka nayo ikanitoka yote. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwahi kuona ushindi mchungu namna ile.

"Mama, ugonjwa umo humu. Kitambaa kibichi ndani ya plastiki kinaufuga. Kimepita kwenye jani bovu, kikaupeleka kwenye zima."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kitambaa," nikasema.

"Kinashikwa na nani?"

Nikakimbilia jikoni. Niliupitisha wembe kwenye moto wa jiko, nikauacha upoe, nikarudi nao pamoja na unga wa mdalasini. Nikamwomba mama anishikie jani. Inabidi ukate nje ya doa, kwenye kijani kizima, kwa sababu ukiona huruma ukabakiza ukingo mgonjwa, kazi yote ni bure. Lakini lile doa la pili lilikuwa limebakiza upana wa kidole tu kufika moyoni.

"Na ukikosea?"

"Nikikosea ndiyo basi, mama."

"Kata basi," akasema, akafumba macho.

Nikakata. Nikauchoma wembe tena, nikakata jani la pili, jasho likinitiririka hadi machoni. Tulinyunyiza mdalasini kwenye majeraha ili yakauke. Chungu cha kati tulikitupa wote wawili, hakujifungia tena. Cha mwisho tukakiweka peke yake penye hewa, bila tone la maji juu ya majani.

Asubuhi niliamka roho juu. Nilipofika sebuleni nilimkuta mama kakiinamia chungu, kitambaa mkononi, anakaribia kabisa kugusa jani.

"Mama!"

Nilipiga ukelele hadi mume wangu akatoka na mswaki mdomoni. Mkono wa mama ukasimama hewani.

"Mazoea," akasema taratibu. "Mkono umekuja wenyewe."

Nikachuchumaa, nikatazama majeraha. Kingo zilikuwa kavu, ngumu, na kijani kilikuwa kijani. "Umesimama," nikasema. "Ugonjwa umesimama. Kitambaa kiweke kabatini tu, mama, kisiguse majani tena."

Akatikisa kichwa. Akaninyooshea kitambaa.

"Nusa. Wewe hujui kudanganya, hata pale unapotakiwa. Niambie kama bado yumo."

Nikakishika. Nikanusa pindo, nikanusa katikati, nikatafuta mafuta yake ya nywele, manukato yake, chochote. Nyuma ya mama, mume wangu alikuwa amenitolea macho, akiitikia kwa kichwa: sema yumo, sema yumo.

"Hayumo, mama."

"Nilijua," akasema. "Nimekuwa nikinusa uozo na kujiambia ni mwanangu."

Akakichukua, akaenda nacho jikoni, akabandika sufuria mwenyewe. Maji yalipochemka alikitumbukiza, na zambarau ikaanza kutoka. Aliyelia ni mimi. Yeye alishika mwiko, akawa anakididimiza kila kilipoibuka.