Kipanya cha Ewald na Shingo ya Rosi

Ewald Kosinski alikuwa na maneno mengi kuliko kete. Miaka yote aliyocheza sataranji na jirani yake Friedhelm Brockmann, kila mmoja upande wake wa ua wa mbao nyuma ya nyumba zao kule Herne, mji wa migodi huko Ujerumani, hakuwahi kusogeza hata askari mmoja bila kumsindikiza kwa kejeli. Mchezo wao ulikuwa wa hatua moja kwa siku. Kila mtu alikuwa na ubao wake ndani. Alasiri, baada ya kahawa, mwenye zamu alitoka bustanini akaitangaza hatua yake, na mwenzake akaenda kuipanga kwenye ubao wake na kuumiza kichwa hadi kesho.

"Farasi, F tano!" Ewald angepaza sauti. "Na umwambie mkeo afunge mapazia, maana utakavyolia leo ni aibu kwa mtaa."

"Farasi gani? Huyo ni punda wa mgodini," Friedhelm angejibu, mgongo ukiwa umeinamia saladi zake. "Mrudishe zizini akale nyasi."

Walikuwa wamechimba makaa pamoja mpaka mgodi ukawachoka, wakastaafu mwaka mmoja, na kama wasingetukanana kila siku wake zao wangeita daktari.

Sasa, Ewald alikuwa na njiwa wa mashindano, na katika njiwa wake wote aliyempenda hadi kupitiliza ni jike mmoja wa kijivu aitwaye Rosi. Rosi aliruka kutoka miji ya mbali akarudi nyumbani kabla ya wenzake, lakini alikuwa na tabia moja mbaya. Akishafika hakuingia bandani. Alitua kwenye bomba la moshi la Friedhelm, akajipumzisha, na alichokuwa amekibeba tumboni safari nzima akakishusha juu ya saladi.

Siku moja ya Aprili, chupa za bia zikiwa tupu pande zote mbili za ua, Friedhelm alisema njiwa yule anafaa sufuriani tu.

"Nishinde mchezo unaoanza kesho, umle!" Ewald akafoka. "Nikikushinda mimi, atakunyea mpaka uzeeke, nawe hutafungua mdomo."

Walipeana mikono mbele ya wake zao. Na sharti likawa lile lile la siku zote: hakuna kuuliza ushauri, si kwa mke, si kwa mwenye baa. Anayeuliza ameshindwa. Ulimi huponza kichwa, wanasema, ila hapa kichwa chenyewe kilikuwa cha Rosi.

Asubuhi Ewald aliamka na akili zake, akakumbuka kwamba katika kila michezo mitatu Friedhelm alishinda miwili, na ule wa tatu huwa ana mafua. Alikwenda bandani akamtazama Rosi, naye Rosi akamtazama kwa jicho moja. Kwa kweli Ewald aliogopa.

Hapo ndipo akaikumbuka kompyuta. Binti yake Ulrike alikuwa amenunua mpya, hii ya zamani akaiacha kwao juu ya kabati pamoja na diski chache, na diski mojawapo ilikuwa ya sataranji.

"Si mlikubaliana hakuna kuuliza mtu?" mkewe Hedwig alimwuliza, alipomkuta anahangaika na nyaya kwenye meza ya jikoni.

"Hii si mtu."

"Haya. Mwambie hivyo Friedhelm."

"Friedhelm ana mambo mengi, tusimsumbue."

Diski ilipokoroma ikamaliza, ubao ulitokea kwenye skrini, kete zake ndogo na safi, na katikati pakawa na mshale mmoja uliosubiri kuongozwa na kipanya. Ewald alikikamata kipanya kama alivyokuwa akikamata mashine ya kutoboa miamba. Mshale ukakimbilia pembeni ya skrini ukajificha. Alikisukuma kipanya mpaka kikaanguka kutoka mezani. Alikinyanyua hewani akakitikisa, akakielekeza kwenye skrini, akakitukana.

Hedwig alikuwa anamenya viazi huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Miaka thelathini umepasua mawe chini ya ardhi, leo unashindwa na panya wa plastiki! Usimkabe koo, Baba Ulrike. Mshike kama unavyomshika Rosi."

Maneno hayo yakamwingia. Alilegeza vidole, Hedwig akamtandikia ubao wa kukatia mkate ili kipanya kisiteleze, na pole pole mshale ukaanza kutii. Unaupeleka juu ya kete, unabonyeza bila kuachia, unaiburuta kete hadi kwenye mraba unaoutaka, unaachia. Alipofanikiwa kumsogeza askari wake wa kwanza alipiga makofi mwenyewe. Mshale ukageuka nyuki mdogo, ishara kwamba mashine inafikiri, na nyuki yule alipoondoka jibu lilikuwa limeshachezwa.

Tangu siku hiyo kazi ikawa nyepesi. Friedhelm akitangaza hatua, Ewald alikimbilia jikoni, akaiingiza kwa kipanya, akanywa kahawa nyuki akifikiri, na kesho yake akatoka kutangaza alichoambiwa. Ubao wake wa mbao Hedwig aliuomba, akaupangia miche ya nyanya dirishani.

Lakini mtu anayetangaza hatua asiyoielewa atatia kejeli gani? Ewald alisimama uani kama msomaji wa taarifa ya hali ya hewa. "Askofu, B tano," alisema, akageuka, akaingia ndani. Hakumwita Friedhelm kobe wala kipofu. Friedhelm alijaribu kumchokoza: "Huyo askofu wako kalewa divai ya kanisani?" Ewald akainua mkono tu kwa adabu, akaenda zake. Aliogopa akibaki ataulizwa kwa nini kamchezesha yule askofu, na yeye mwenyewe hakujua.

Mambo yalimwendea vizuri mno. Alikula farasi bure. Wiki iliyofuata alikula askari wawili bure. Alianza kutembea bustanini kifua mbele, akimnong'oneza Rosi kwamba maisha ni marefu.

Mwishoni mwa Mei, Friedhelm alisogeza ngome yake hadi mstari wa D. Ewald aliiburuta kwenye skrini, akapiga chafya, akaiachia mstari wa E, wala hakuona. Nyuki akafikiri. Mashine, ikiamini mstari wa D uko wazi, ikamshauri ampeleke malkia huko huko. Naye kesho yake akatoka, akatangaza kwa sauti yake ya taarifa, akaingia ndani.

Friedhelm alibaki amesimama na jembe mkononi. Siku iliyofuata alicheza askari mmoja asiye na maana pembeni, kwa sauti ya chini kabisa, na alipomaliza akauliza, "Unakula vizuri lakini, Ewald?"

Jumapili alibisha hodi mlango wa mbele, mlango ambao majirani hawautumii isipokuwa kwenye misiba. Ewald aliitupia kompyuta kitambaa cha meza. Friedhelm aliingia amevaa koti lake jeusi, sufuria mikononi.

"Mke wangu kakupikia," alisema. "Supu ya njiwa. Kwa mgonjwa hakuna kama hiyo."

Ewald alifunua kifuniko. Kijiguu chembamba kilikuwa kinaelea kati ya karoti. Damu ilimwishia usoni.

"Mchezo haujaisha!" akapiga ukelele, akatoka mbio na ndara zake, akaruka ndoo, akapita katikati ya maharage mpaka bandani. Rosi hakuwemo. Akageuka, na akamwona juu ya bomba la moshi la Friedhelm, mzima, anajikuna, anashusha mzigo wake. Ewald alikaa chini pale pale kwenye udongo.

Friedhelm alimfikia anahema. "Njiwa nimemnunua sokoni, we mzee. Pole. Ila usikimbie hivyo. Hata marehemu kaka yangu, siku moja kabla ya kufa alipata nguvu, akapanda ngazi kutengeneza paa."

"Kufa? Anakufa nani?"

"Ewald, tumefahamiana toka utoto, usinifiche." Friedhelm alivua kofia. "Nimeona siku nyingi. Hunitukani tena. Nikasema basi, vumbi la makaa limeshafika pabaya, pumzi ya kutukana hana. Nikakuachia yule farasi, ufurahi kidogo. Nikakuachia na wale askari. Halafu ukamweka malkia mbele ya ngome yangu bila mlinzi, nikajua na kichwa nacho kinakwenda. Sikumla. Nilishindwa kumla." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sahau lile dau. Rosi ni wako. Na ukiondoka, nitawalisha mimi hao wote, hata yeye."

Ewald alitazama chini. Wokovu ulikuwa umeletwa mpaka miguuni pake. Alichotakiwa kufanya ni kukohoa kidogo. Alifungua mdomo akohoe, akayaona macho mekundu ya rafiki yake, aibu ikamkaba kuliko vumbi lolote la mgodini.

"Friedhelm," alisema. "Siumwi. Nina kompyuta."

Alimpeleka jikoni, akaondoa kitambaa, akamwonyesha kipanya, ubao wa mkate, nyuki na ngome iliyosimama mstari usio wake. Friedhelm alitazama yote hayo taratibu. Kisha akamtukana. Alianza na ukoo, akaja kwa pua, akamalizia na mke wake mwenyewe aliyekuwa amewasha mishumaa kanisani kwa ajili ya mapafu ya mwizi. Hedwig alisema baadaye kuwa hakuwahi kumsikia akitukana kwa furaha kiasi kile.

"Umeuliza, umeshindwa," Friedhelm alisema alipopata pumzi.

"Nimeshindwa." Ewald akatoka, akamwita Rosi kwa mluzi, na safari hii, kwa bahati mbaya, yule ndege akatii. Alimleta jikoni amemshika kifuani kwa mikono miwili, akamnyooshea jirani yake.

Friedhelm alimtazama Rosi, akatazama sufuria iliyopoa mezani.

"Dau lilikuwa njiwa aliwe," alisema. "Njiwa yupo, kapikwa tayari. Na simli mimi. Kaa chini."

Tangu amfuge njiwa wa kwanza, Ewald hakuwahi kuonja nyama ya njiwa, na mtaa mzima ulilijua hilo. Alikaa. Rosi aliwekwa mbele yake juu ya ubao wa mkate, pembeni ya kipanya, Friedhelm akavuta kiti kumchunga, na Hedwig akaleta kijiko kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba ile. Ewald aliimaliza supu yote, hadi kijiguu, machozi yakimdondokea sahanini huku Rosi akimkodolea jicho moja. Na kilichomuuma zaidi, na ambacho hajaweza kumwambia mtu mpaka leo, ni kwamba ilikuwa tamu.