Bakari wa Mawe

Mhandisi Anyiko alitoka chini ya daraja akijipangusa matope magotini, akawauliza watu waliojaa ukingoni: nondo za chuma ziko wapi?

Lori lililojaa kokoto, lililoletwa kulijaribu daraja, lilikuwa limesimama hatua ishirini nyuma. Daraja likifaulu, lori la kiwanda lingevuka kila siku kuchukua majani ya chai. Likikataliwa, akina mama wa ng'ambo hii ya mto, huku Kebirigo, wangeendelea kuyabeba hadi barabarani, na nusu yangefika yamekwisha kuwa mekundu, kiwanda kiyakatae.

"Karatasi yangu inasema mjenzi ni Bakari," Anyiko alisema. "Bakari ni nani?"

Hakujua jinsi swali hilo lilivyokuwa gumu mahali pale. Miaka arobaini na mitano nyuma, mvua ilipoizoa njia, dereva mmoja kutoka Mombasa, jina lake Bakari, alikwama hapo na lori lake la chumvi kwa majuma matatu. Katika majuma hayo aliwavusha mtoni akina mama watatu waliokuwa na uchungu wa kuzaa, mmoja baada ya mwingine, mgongoni mwake. Wote walijifungua wavulana, na wazazi wao, Wasabato wasiokosa kanisa, wakawaita Bakari bila kumwuliza mchungaji. Wa kwanza akawa mwanariadha, akaleta medali. Wa pili akawa mwakilishi wa wadi. Wa tatu, mtoto wa Mogire, akachonga mawe. Bakari akitajwa redioni, watu walijua ni mmoja wa wale wawili. Huyu waliyezoea kumwona na nyundo walimwita Bakari wa mawe, asije akachanganywa na wenye jina.

Asubuhi hiyo mheshimiwa, yule Bakari wa pili, alikuwa amehutubia nusu saa nzima juu ya "daraja langu". Sasa alilegeza tai, akamwambia mhandisi kwamba yeye alitafuta saruji tu. Habari za nondo waulizwe mafundi.

Bakari wa mawe alikuwa nyuma ya umati, kofia mkononi. Mkewe, Nyamoita, alimshika shati. Wote wawili walijua kwamba fundi anayekiri kujenga daraja bovu hapewi kazi nyingine. Bakari aliutoa mkono wa mkewe taratibu, akapita katikati ya watu.

"Bakari unayemtafuta ni mimi," alisema. "Nondo hazimo. Sikuzisahau. Hili ni tao la mawe, Mhandisi. Ukililemea, mawe yanashikana zaidi."

Anyiko alimwuliza msingi umekaa juu ya nini. Bakari akaeleza alivyochimba kupita udongo, kupita changarawe, hadi sururu ikalia juu ya mwamba; alivyochonga kila jiwe likawa jembamba chini, pana juu; alivyoziacha mbao za kuegemeza wiki sita, watu wakimcheka kwamba anaiogopa kazi yake mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya msingi. Maneno yalipomwishia alieleza kwa mikono, vidole vya huku vikiegemea vya kule. Mhandisi aliacha kuandika, akabaki kumtazama.

"Na likivunjika, Baba?"

"Mimi nitakuwa wa kwanza kujua." Akaanza kuteremka.

Anyiko alimwamuru arudi. Nyamoita alimwita kwa lugha yao, Ekegusii. Lakini alikuwa amekwisha kuingia majini, akasimama katikati ya tao, maji yakimfika magotini. Mhandisi alichungulia mara moja zaidi ile mistari ya mawe, akavuta pumzi, akainua mkono.

Lori likaja. Kwanza mngurumo, kisha kivuli. Bakari alibandika kiganja kwenye jiwe la katikati, akahisi uzito ukiingia, ukigawanyika, ukiteremka jiwe hadi jiwe pande zote mbili mpaka mwambani. Punje chache za mchanga zilidondoka majini. Kisha mwanga ukarudi, na huko juu vigelegele vikapasuka.

Anyiko aliinama ukingoni, kalamu mkononi.

"Jina lako kamili, nikuandike."

"Bakari Mogire."

Aliandika, akapiga mstari chini yake.

Bakari hakutoka upesi. Akina mama walikuwa wameanza kuvuka, na kupitia kiganja chake alizihisi nyayo zao ndani ya mawe, nyepesi, nyingi, zikienda na kurudi.